Kreti la Kusimulia

Msichana mwenye bandeji gotini alipanda juu ya kreti la soda, akashika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. Nyuma yake foleni ya watoto ikanyamaza. Mbele yake mkutubi alikuwa amefumba macho, kama alivyozoea kila Jumamosi, kwa maana uongo wa msomaji, alisema, husikika vizuri zaidi gizani.

"Haya. Tupeleke."

Msichana akawapeleka. Kulikuwa na watoto watatu na mbwa wao, na machimbo yaliyofungwa tangu enzi za babu zao, na taa iliyozimika walipofika chini kabisa. Alisimulia vizuri. Alijua pa kushusha sauti na pa kukimbia. Hata wakorofi wa mwisho wa foleni waliacha kusukumana. Alipofika karibu na mdomo wa shimo, mwanga ukionekana kwa mbali kama tundu la sindano, aliongeza kasi: mbwa akatangulia, watoto wakamshika mkia, wakatoka, wakaenda nyumbani wote wanne.

Mkutubi akafumbua macho.

"Wote wanne?"

"Ndiyo."

"Na mbwa?"

"Na mbwa."

"Ndivyo kilivyoandikwa?"

Msichana aliinamisha kichwa akaitazama bandeji yake, kana kwamba jibu lilifungwa humo.

"Mbwa hakutoka, mwanangu. Alibaki chini, na ungelijua hilo kama ungefika ukurasa ule. Rudi ukasome. Ukimaliza, kreti lipo."

Alimrudishia kitabu kwa upole, jambo alilojivunia, maana hakuwahi kumfokea mtoto wa mtu. Foleni ikashusha pumzi. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Kafungwa maisha," na kicheko kikapita chinichini kutoka mtoto hadi mtoto kama peremende ya wizi.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya maktaba ya watoto, na aliitunga yeye mwenyewe: asiyesimulia kitabu cha kwanza hapewi cha pili. Watoto walilibatiza kreti lile kizimba. Mkutubi aliposikia alicheka mpaka akafuta machozi. Aliliona ni jina la heshima. Penye kizimba ndipo ukweli hutafutwa.

Kwamba alikuwa na kipaji, hakuna aliyebisha. Rafu yake ya hadithi za hatari, zile za wasomaji wa miaka tisa hadi kumi na miwili, watoto waliiita Roho Mkononi, na walimu wa shule za mbali walikuja kumuuliza wanunue nini. Yeye hakumuuliza mtoto anapenda nini, kwa kuwa mtoto hajui. Alimtazama. Alitazama viatu vyake, kucha zake, namna alivyoingia mlangoni. Anayegusa kila kitu alimpa kitabu cha jangwani, ambako hakuna cha kugusa. Mwoga hakumpa kitabu cha shujaa. Alimpa cha mwoga mwenziwe aliyepotea msituni. Mgomvi alimpa cha watu wawili wasiopatana waliofungwa kamba moja mlimani. Mara chache sana alikosea, na alipokosea alijilaumu wiki nzima.

"Binti yako basi lazima anameza vitabu," wazazi walimwambia.

"Aa, huyo!" alijibu, akatabasamu, akageuza maneno.

Binti yake alikuwa nje. Alikaa kwenye ngazi za maktaba, akiupa mlango mgongo, akisuka nyuzi za rangi kwenye mkanda wa begi. Baba yake alimpa jina la Njiti tangu akiwa mdogo, kwa wembamba wake na kwa vile alivyowaka upesi, na jina likamganda. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Vitabu vya shule alivisoma kwa sababu vya shule ni vya kusomwa. Kitabu cha hadithi hakuwa amekishika kwa miaka miwili.

Saa sita mkutubi alipofunga, gari la baba yake Njiti lilikuwa limeshaegeshwa. Alikuwa fundi wa lifti, mtu wa maneno machache, mikono daima ina weusi wa grisi. Yeye na mkutubi walikuwa wameachana bila kelele, kama watu wanaoshuka ghorofa tofauti.

"Mtoto keshafikiria?" aliuliza, Njiti alipokuwa akiingia kwenye gari.

"Hajasema kitu."

"Shule ikifunguliwa ndiyo hiyo tena. Kwangu ni karibu na shule, unajua. Lakini tulisema achague mwenyewe pa kuishi. Asishurutishwe."

"Nani anamshurutisha?"

Fundi alifuta mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa michafu zaidi ya kawaida. "Nasema tu."

Mkutubi alikubali mpango ule tangu mwanzo kwa moyo mkunjufu. Alikubali kwa sababu jibu alidhani analijua. Upande wake kulikuwa na nyumba iliyojaa vitabu, meza ya kusomea dirishani na mama anayejulikana mji mzima. Upande wa pili kulikuwa na mtu wa lifti na mke wake mpya, msusi, ambaye saluni yake ilikuwa na televisheni isiyozimwa.

*

Jumapili jioni Njiti alirudi, akatupa begi kwenye kochi, akaenda kuoga. Begi likalala upande, likafunguka mdomo, likatapika soksi, chanuo, kopo la mafuta ya nywele, na kitabu.

Mkutubi aliganda na taulo mkononi. Furaha ndiyo iliyotangulia, furaha safi ya mama, na kwa nukta hiyo moja angeweza kumkumbatia yeyote aliyekuwa karibu. Kisha akakigeuza kitabu akaona jalada.

Kilikuwa *Mateka wa Mnara wa Maji*. Alikijua fika. Alikikataa mbele ya kikao kizima cha walimu, akakiita kitabu kisicho na mfupa, chenye sadfa nyingi kuliko aya. Jaladani kulikuwa na mvulana aliyening'inia kwa mkono mmoja juu ya mji, na mkono huo, kwa uzembe wa mchoraji, ulikuwa na vidole sita. Walimu walicheka sana siku ile. Sasa kibanio cha nywele, cha rangi ya waridi, kilikuwa kimebana ukurasa mbali kabisa, zaidi ya nusu.

Alikirudisha begini kama alivyokikuta. Lakini mezani, mbele ya mkate na mayai, ulimi haukutulia.

"Naona unasoma."

"Nani kafungua begi langu?"

"Lilijifungua lenyewe."

Njiti alimpima kwa macho, akaamua kuamini. "Ndiyo. Nasoma."

"Cha nani?"

"Chetu. Cha saluni. Mama Mdogo alikinunua."

Mkutubi alishika kikombe chake kwa mikono yote miwili. Mpaka mwezi uliopita yule mwanamke alikuwa Anti. Hakuna aliyemwambia kwamba mambo yamebadilika. Jina hilo jipya lilitokea tu, katikati ya sentensi, sambamba na lile neno *chetu*, na mtoto aliyelisema hata hakuinua uso kutoka kwenye sahani.

"Haya, nisimulie."

Uma ukasimama hewani.

"Sijamaliza."

"Mpaka hapo ulipofika."

"Mama, sipo kizimbani."

Alisema bila ukali, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kwamba leo si siku ya kazi. Pengine angesema kwa ukali ingekuwa nafuu. Mkutubi akasukuma sahani yake kando.

"Kitabu chenyewe hakina kichwa wala miguu. Unajua yule mlinzi wa mnara ni nani? Ni baba wa yule mtoto. Ndiye aliyemficha miaka yote. Basi. Ndiyo hadithi nzima hiyo."

Maneno yalipotoka aliyaona yakienda, na hakukuwa na namna ya kuyarudisha. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kumwambia mtoto mwisho wa kitabu. Aliwahi kumfukuza mwanafunzi aliyekuja kujifunza kazi kwa sababu alimdokezea mtoto mwizi ni nani. Kumwambia mtoto mwisho, alimweleza siku ile, ni kumnyang'anya chakula mdomoni.

Njiti aliendelea kutafuna.

"Najua."

"Unajua vipi na hujafika?"

"Mama Mdogo husoma mwisho kwanza. Anaangalia kama kuna mtu anakufa. Akiona hakuna, ndiyo tunaanza." Alianza kutabasamu, akaziba mdomo kwa kiganja kama alivyozoea. "Akiona yupo, anarudisha dukani. Mwenye duka wameshagombana naye. Anamwambia, dada, hivi si viatu."

Mkutubi alicheka kidogo, kwa sababu ilitakiwa acheke. Alikuwa amemrushia mtoto wake jiwe, na jiwe limepita bila kumgusa, na bado mkono uliorusha ulikuwa wake.

*

Jumatano Njiti alichelewa kutoka masomo ya ziada. Mkutubi alijua pa kumfuata, ingawa hakuwahi kukanyaga pale.

Saluni ilikuwa chumba kimoja chenye vioo viwili, kimoja kina ufa. Televisheni ilikuwa imezimwa. Hilo ndilo lililomshangaza kwanza. Msusi alisimama nyuma ya mteja aliyekuwa na nusu kichwa kimesukwa na nusu kimesimama wima. Mwingine alikaa chini ya mashine ya kukaushia, ameisukuma nyuma ili masikio yawe huru. Njiti alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, magoti pamoja, kitabu juu ya magoti, na alikuwa akisoma kwa sauti.

Mkutubi alisimama kando ya mlango, nusu nje.

Njiti alisoma akijikwaa. Jina la mji alilitamka vibaya, na hakuna aliyejali. Alifika kwenye aya ndefu ya mawingu yanayojikusanya juu ya mnara.

"Hayo ya mawingu ruka," msusi alisema, uzi wa nywele ameubana kwa meno. "Mawingu yatatusaidia nini na mtoto ananing'inia?"

Njiti akaruka. Mkutubi moyo ukamuuma: ile ndiyo aya pekee iliyoandikwa vizuri katika kitabu kizima.

"Na huyo mlinzi," alisema mwenye nusu kichwa, "nyie mnamwamini?"

"Ndiye baba yake," alisema msusi.

"Alaa. Kumbe." Mteja akafikiri. "Basi ndiyo namchukia zaidi."

"Usitikise kichwa."

"Si unanikasirisha wewe."

Njiti akampa mlinzi sauti. Ilikuwa sauti nzito, ya kukwaruza, ya mtu anayevuta sigara na kuficha jambo. Akampa mtoto sauti nyembamba ya aliyeishiwa nguvu. Kisha akafika pale ambapo kidole cha kwanza kinateleza kutoka kwenye chuma, na hapo hakupaza sauti kama mtu mwingine angefanya. Aliishusha, akaivuta, akaiacha ining'inie. Mkutubi aliijua namna ile ya kushusha. Ilikuwa yake. Mtoto aliichukua wapi, kama si kwenye ngazi za maktaba, kila Jumamosi, akiupa mlango mgongo lakini si masikio?

Ndipo Njiti alipoinua macho, akamwona, akanyamaza. Akachomoa kibanio nyweleni, akabana ukurasa, akafunga kitabu.

"Sasa?" aliuliza mwenye mashine. "Mtoto wa watu ndiyo tunamwacha hapo hapo?"

"Nitaendelea kesho."

"Ana mkono mmoja, huyo."

"Ana vidole sita," alisema msusi. "Atafika kesho. Karibu, dada. Karibu ukae."

"Asante. Nimemfuata mtoto tu."

Njiti alipokuwa akikusanya vitu vyake, msusi alimsindikiza mkutubi mpaka nje, mikono ikinukia mafuta. Alikuwa mdogo kwake kwa umri, mnene, mwenye uso usiojua kuficha. Mkutubi alikuwa amejiandaa kumchukia kwa karibu, na akagundua kwamba kwa karibu kazi hiyo ilikuwa ngumu zaidi.

"Dada, usinielewe vibaya. Mimi vitabu sivijui. Hicho nilikinunua kwa jalada. Mtoto alikuwa akija hapa anakaa na kununa, televisheni ameichoka, nikasema basi tusomeane, mikono yangu mimi haina nafasi." Akashusha sauti. "Lakini tumekaribia mwisho, na kikiisha hiki hapa patakuwa msiba. Wewe ndiye mwenyewe wa mambo haya. Tuchagulie kingine. Cha hatari hatari hivi, cha roho mkononi. Ila asife mtu."

"Vitabu vingine vizuri sana watu hufa."

"Wafe huko huko. Mteja akilia wanja unashuka, naanza upya kumpaka."

Kwa miaka mingi watu walimfuata mkutubi kumwomba achague: walimu wakuu, wachapishaji, wazazi wenye magari marefu. Hakuna ombi lililowahi kumchoma kama hili. Mwanamke huyu alikuwa akimwomba, kwa nia njema kabisa, amsaidie kumchukua mtoto wake.

"Nitatazama," alisema.

*

Walitembea mpaka wakapita kituo cha mafuta.

"Ulisoma vizuri," mkutubi alisema.

Njiti aliupiga teke mfuniko wa chupa, ukaenda mbele yao.

"Kwa nini uliacha nilipoingia?"

"Ulikuwa umefumba macho."

"Mimi?"

"Pale mlangoni. Ulisimama ukafumba macho." Aliufikia mfuniko, akaupiga tena. "Nikajua ndiyo tumeanza."

Mkutubi alitaka kukana, lakini hakuwa na ushahidi, na mwenye ushahidi alikuwa akitembea kando yake. Kwenye mikutano ya wazazi alikuwa na kisa kimoja alichokipenda. Alisema hana upendeleo. Hata wa kumzaa mwenyewe, akiwa na miaka tisa, alimpandisha kwenye kreti mbele ya wote asimulie *Daraja Lililozama*, kitabu ambacho yeye mama alikisoma utotoni mpaka kikaachana kurasa, na aliposikia mtoto anatia mambo yasiyokuwamo, alimrudisha akasome. Wazazi walipiga makofi kila mara. Ilikuwa hadithi yake bora, na aliisimulia vizuri.

"Njiti. Ile siku ya *Daraja Lililozama*."

"Nilikimaliza."

"Sikusema kwamba..."

"Ulisema. Nilikisoma mara mbili. Yule kaka mtu sikutaka abaki ng'ambo peke yake, daraja limezama, mdogo wake anamwita. Nikamtafutia njia."

"Ungeniambia."

"Si ndiyo nilikuwa nakuambia? Ukasema nikasome."

Gari lilipita, vumbi likawapanda, wote wawili wakageuza nyuso upande mmoja.

"Njia gani?" mkutubi aliuliza. "Ulimpitisha wapi?"

Njiti alifikiri, au alijifanya kufikiri. Uso wake ulikuwa umefungwa kama kitabu kile.

"Sikumbuki."

Waliufikia mlango wa nyumba. Mkutubi alikuwa akitafuta funguo mkobani, na zilikuwa mkononi mwake muda wote.

"Nitaenda kwa baba shule ikifunguliwa," Njiti alisema nyuma yake. "Nilikuwa nataka kukuambia Jumapili. Ukaanza habari za mlinzi."

*

Siku zilizobaki mkutubi hakubembeleza wala hakununa. Alipiga moyo konde, akapiga pasi sare. Lakini alifanya jambo moja ambalo hakuwahi kulifanya: alimtazama binti yake kama alivyowatazama watoto wa watu. Alimtazama akiingia mlangoni. Aliona kwamba hakugusa kitu mpaka akijue. Aliona kwamba alipenda kukaa juu: kwenye mgongo wa kochi, kwenye ukuta wa uani, kwenye dirisha la jikoni miguu ikining'inia. Kwamba alipocheka aliziba mdomo, na alipokasirika hakuziba kitu. Kama mtoto huyu angeingia maktaba akiwa mgeni, angemjua kabla hajafika kaunta. Angetembea moja kwa moja mpaka mwisho wa rafu, chini kushoto, akachomoa *Njia ya Mapaa*, hadithi ya msichana anayevuka mji mzima uliozingirwa bila kukanyaga ardhi, kutoka paa hadi paa. Kwa miaka miwili kitabu hicho kilikaa pale, na aliwapa wengine.

Ijumaa alikichomoa. Alisimama kati ya rafu akafungua ukurasa wa mwisho, akausoma, kisha akarudi nyuma sura moja kuhakikisha. Hakuna aliyekufa. Palikuwa na paka aliyepotea, lakini alirudi.

Jumamosi, saa sita, fundi alifungua buti ya gari na kupanga masanduku kwa ustadi wake wa kujua kila kitu kitaingiaje. Njiti alikuwa ameshakaa kiti cha nyuma. Msusi alikuja pia, amevaa gauni la kutokea, hajui mikono aiweke wapi. Mkutubi alimwita kando, nyuma ya gari.

"Hiki hapa."

Msusi alikipokea, na papo hapo, barabarani, akakifungua nyuma. Alisoma ukurasa wa mwisho midomo ikichezacheza. Vidole vya mkutubi vilisisimka. Akavikunja ngumi, akaviacha huko.

"Hakuna?" msusi aliuliza.

"Hakuna. Nimeangalia."

"Na wewe siku hizi?" Msusi akacheka, kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha. "Mpe mwenyewe, dada."

"Mpe wewe. Usiseme kimetoka wapi."

"Sasa nimdanganye mtoto?"

"Akiuliza, mwambie kimesahauliwa na mteja."

Dirisha la nyuma likashuka. "Cha nani hicho?" Njiti aliuliza.

Msusi alimtazama mkutubi, akamtazama mtoto. Uso ule usiojua kuficha ulihangaika.

"Cha mteja mmoja. Alikisahau."

"Mteja gani?"

"Yule mkali."

Njiti akaziba mdomo kwa kiganja. Alinyoosha mkono mwingine, akachukua kitabu, akakipima uzito, akatazama jalada. Macho yake yalikuja kwa mama yake, yakakaa, na mkutubi hakuweza kusoma kilichoandikwa humo. Fundi akawasha gari. Mkono mmoja mwembamba ulitoka dirishani ukapunga, na gari likakata kona.

Alirudi ndani kufunga. Watoto walikuwa wameshaondoka; sakafu ilikuwa na nyayo zao na karatasi ya biskuti. Juu ya kaunta, peke yake, kulikuwa na kitabu cha machimbo na mbwa aliyebaki chini. Msichana wa bandeji alikuwa amekirudisha mkutubi alipokuwa nje. Hakumsubiri, hakuomba kingine.

Mkutubi alikishika kwa muda. Alikiweka mahali pake rafuni, akafunga madirisha moja baada ya jingine, akachukua mkoba. Kisha akauweka chini, akazunguka kaunta upande wa watoto, akapanda juu ya kreti.

Liliyumba. Pembe moja ilikuwa fupi, na alilazimika kushika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili ili asianguke. Miaka yote hiyo, hakuna aliyemwambia.

Alisimama hivyo, akasubiri mpaka miguu ikazoea, akaanza kusimulia *Daraja Lililozama*. Hakuhitaji kitabu. Alijua mvua ilivyoanza na kamba zilivyolia, alijua ndugu wawili walikuwa wamevaa nini na mdogo alikuwa na nini mfukoni. Alisimulia mpaka mtoni, mpaka mbao ya mwisho inazama, mpaka kaka mtu yuko ng'ambo na mdogo wake anamwita. Hapo alishusha sauti, akatafuta njia ya kumvusha. Ile ya mtoto wake. Kulikuwa na mti, pengine, au jiwe. Kulikuwa na neno lililoanza na pumzi kubwa, kiganja kidogo kikitoka mdomoni ili kionyeshe upande, halafu sauti yake mwenyewe, ya upole kabisa, ikisema *rudi ukasome*.

Alirudia kutoka kwenye mbao ya mwisho. Kreti likayumba.